Jinsi ya kubishana konferensi ipi kali kwenye kikapu cha vyuo Marekani, ubishi wenye hoja

Mbukwenyi wana kikapu wa Dodoma na kanda ya kati yote. Kila ikifika Machi huku kwetu, ukikaa na watu wa UDOM baada ya zoezi la jioni au ukiwa pale Chako ni Chako mnasubiri kuku, ubishi ni uleule, SEC kali, hapana Big 12 ndo kali, mara mtu anarusha jina la Duke, chuo kimoja cha ACC, hapo kati, sauti zinapanda na hamna anayemshawishi mwenzie. Inaniuma kwa sababu huu ubishi una majibu kabisa, ukijua uanzie wapi.

Kwa mgeni kidogo: vyuo vya Marekani vimegawanyika kwenye makundi, kila kundi lina ligi yake, ndo konferensi hizo. Wakubwa wa sasa ni SEC, Big Ten, Big 12, ACC na Big East. Usihangaike na namba kwenye majina, Big 12 ina timu 16 na Big Ten ina 18. Mwisho wa msimu zinachaguliwa timu 68, bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja na waliobaki wanachaguliwa na kamati, wanacheza mtoano kuanzia Machi, ukipigwa mara moja umeenda nyumbani.

Sasa kabla hujafungua mdomo muulize mwenzio, unaposema kali unamaanisha nini? Timu ya juu kabisa, au timu ya saba ya nane huko katikati, au wa mkiani? Nusu ya ubishi inaisha hapo hapo. Chukua msimu wa 2024-25, Duke alikuwa moto, alipoteza mechi moja tu ndani ya ACC na akafika nne bora, lakini ACC nzima iliingiza timu nne tu kwenye zile 68 wakati SEC iliingiza 14, rekodi, ya zamani ilikuwa 11 za Big East mwaka 2011. Kwaiyo anayesema Duke mkali yuko sahihi na anayesema ACC ilikuwa dhaifu naye yuko sahihi, wanaongelea vitu viwili tofauti alafu wanagombana.

Mimi nikisikia konferensi kali naangalia katikati. Timu ya kwanza inaweza kubebwa na dogo mmoja mwenye kipaji cha ajabu, ya nane haibebwi na mtu.

Haya, shika hili kuliko yote: ushahidi wa maana uko Novemba na Desemba, sio Machi. Kwanini? Miezi hiyo wanakutana na timu za konferensi nyingine, ikifika Januari wanacheza wenyewe kwa wenyewe, na kwenye kila mechi mmoja wao anashinda na mwingine wao anafungwa, ukijumlisha konferensi nzima ushindi na vipigo ni sawasawa, iwe konferensi kali ya namna gani. Hapo huwezi kupima chochote kati ya SEC na ACC kwa sababu hawakutani. Ni kama sisi na ligi yetu, Simba na Yanga wakifungana Dar hiyo haiwaambii CAF chochote kuhusu ubora wa ligi ya Tanzania, tunapeleka timu nne Afrika badala ya mbili kwa sababu ya pointi zilizovunwa huko nje dhidi ya Waarabu na wengine.

Kwaiyo chukua daftari, kweli kabisa daftari au noti za simu, chora mistari miwili, juu andika konferensi A na B, shuka chini uorodheshe kila mechi waliyokutana miezi hiyo miwili na nani alikuwa nyumbani. Mfano mzuri kuliko wote ni Desemba 2024, SEC na ACC walipangiwa mechi 16 za ana kwa ana, SEC wakashinda 14. Kumi na nne! Zile mbili za ACC ni Duke kumfunga Auburn 84-78 na Clemson kumfunga Kentucky 70-66. Mtu akikuletea maneno mwezi Machi unafungua ukurasa unamwekea mbele, ausome mwenyewe.

Ukiandika hakikisha unaona uwanja, kwa sababu ushindi wa ugenini ni mzito. Hata mfumo wenyewe wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, unaopanga timu zote kwa ubora na unaoitwa NET, ulioanza kutumika 2018, unalijua hilo: ili ushindi uhesabike wa daraja la juu, nyumbani lazima umfunge aliye ndani ya 30 bora, uwanja huru inatosha 50 bora, ugenini hata 75 bora. Hapa kuna mtego, na watu wengi wananasa. Shabiki atakuambia timu yetu ina ushindi mwingi wa daraja la juu kwaiyo ligi yetu ngumu. Muulize huo ushindi ni dhidi ya nani. Kama karibu wote ni dhidi ya wenzake wa konferensi, basi unategemea viwango ambavyo hao wenzake walijipatia Novemba na Desemba, tumerudi kwenye daftari. Na angalia pia walivipataje, maana NET inatazama timu inafunga na kufungwa kwa kiwango gani ikilinganishwa na mpinzani, kuna timu zinatwanga vibonde kwa pointi 40 mwezi mzima na namba zinapanda.

Machi yenyewe itumie lakini kwa adabu. Mtoano ni mechi moja, na mechi moja inadanganya. Virginia wa ACC mwaka 2018 alipangwa na kamati namba 1 kwenye kundi lake akafungwa na UMBC, chuo kisicho na jina, 74-54, hamna mwenye akili aliyesema konferensi ya UMBC imeipita ACC. Ila mkusanyiko wa mechi nyingi una neno. 2021 Big Ten waliingiza timu tisa, ni moja tu, Michigan, iliyofika 16 bora, wakati Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi enzi hizo, waliingiza tano na nne zikafika. Huo sio mkosi wa siku moja, ni mechi kibao, hapo una haki ya kusema Big Ten walikadiriwa zaidi ya uwezo wao.

Na kombe je? Kombe ni la timu. Sisi Watanzania mfano tunao wa nyumbani, Hasheem Thabeet wetu. Msimu wake wa mwisho UConn, chuo cha Connecticut kilichokuwa Big East, 2009, Big East ilitoa timu tatu kati ya nne zilizopangwa namba 1, ikaingiza nne kwenye nane bora, mbili kwenye nne bora, UConn ya Hasheem ikiwemo. Kombe akachukua North Carolina wa ACC. Mimi hata leo nitasimama Nyerere Square mchana kweupe niseme Big East ndo ilikuwa konferensi kali kuliko zote mwaka ule, na kombe halinibadilishi mawazo. Vilevile 2025 Florida wa SEC alivyomfunga Houston 65-63, fainali ambayo kwetu ilipigwa usiku wa manane kuamkia tarehe 8 Aprili na bando likaisha kwa wengi, kama Houston angeshinda kwa zile pointi mbili SEC isingekuwa dhaifu ghafla, tayari ilikuwa imeweka timu saba kwenye 16 bora.

Mwisho kuna wale wa historia, wanaohesabu makombe ya tangu enzi. Nao wape nafasi ila wabane kwenye uhamaji, maana vyuo vinahama. 2024 Pac-12 ilisambaratika, UCLA wakaenda Big Ten, Arizona wakaenda Big 12, Stanford wakaenda ACC. Maryland walichukua kombe 2002 wakiwa ACC, leo wako Big Ten. Syracuse walichukua 2003 wakiwa Big East, leo wako ACC. UConn ana ya 2014 aliyochukua wakati hayupo Big East, alafu ya 2023 na 2024 akiwa amesharudi. Mkubaliane mapema kwamba kombe linabaki kwa konferensi ya mwaka ule, msipokubaliana hilo kila mtu atahesabu ya kwake na hamtamaliza.