Kabla ya Kumfungulia Daktari wa Mbali Faili la Mgonjwa

Mgonjwa anayetoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, kuja Hospitali ya King Fahd mjini Lamu husafiri kwa boti, na mara nyingi historia yake yote ya matibabu imo katika daftari la kliniki alilolitia ndani ya mfuko wa plastiki. Nimewahi kulishika daftari la namna hiyo likiwa limelowa maji ya chumvi: wino ulikuwa umesambaa, na ukurasa ulioandikwa dawa zinazomdhuru mwenyewe haukusomeka tena. Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa dhati mpango wa kumwezesha daktari aliye Mombasa au Nairobi kulisoma faili la mgonjwa kwa njia ya intaneti, ila yapo mambo yanayopaswa kukamilishwa kabla ya mlango huo kufunguliwa.

Kwanza, mafaili yasafishwe. Visiwani kwetu majina ya Mohamed, Omari na Fatuma hujirudia hata majina matatu kamili yakalingana, kwa hiyo kila faili lifungwe kwa namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, na la mtoto kwa namba ya mzazi wake. Daktari aliye mbali hamwoni mgonjwa uso kwa uso. Akifunguliwa faili la mtu mwingine, hana njia rahisi ya kugundua kosa hilo.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni nani ataona nini. Katika mji ambao mhudumu wa mapokezi huenda akawa binamu yako, na muuguzi akawa jirani wa mamako, mgonjwa wa virusi vya UKIMWI au msichana mjamzito hamhofu sana mwizi wa data aliye ng'ambo. Anawahofu watu wa mtaa wake. Basi kila mtumishi apewe akaunti yake na nywila yake, isiyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na mfumo uweke kumbukumbu ya kila aliyefungua faili, saa ngapi na kwa sababu gani. Kumbukumbu hiyo isomwe kila wiki na mtu aliyeteuliwa kwa jina, maana ikikaa bila kusomwa haimlindi yeyote. Mtumishi akihamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Kisheria, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data, afisa wa serikali anayesimamia ulinzi wa data, anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Ipo pia Sheria ya Afya ya Dijitali ya mwaka 2023. Mgonjwa naye aelezwe kwa Kiswahili anachoweza kukielewa, tena kwa faragha, badala ya kutiliwa fomu mkononi akiwa kwenye foleni.

Mwisho ni umeme na mtandao. Pasipo mtandao, namba ya uthibitisho ya kuingilia kwenye mfumo, inayotumwa kwa simu, haifiki, na daktari hubaki nje ya mfumo huku mgonjwa akisubiri. Kwa hiyo kila anayepewa rufaa aendelee kubeba muhtasari wa ukurasa mmoja wenye dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru na kundi lake la damu, uliotiwa ndani ya plastiki isiyopenya maji kabla hajapanda boti.