Kutengeneza Ramani ya Mikoko ya Hori ya Tudor: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kuwasaidia wanafunzi watatu wa sekondari hapa Mombasa kuunda programu inayoonyesha jinsi shughuli za binadamu zinavyoiathiri mikoko na viumbe wanaoitegemea.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo. Wanafunzi walitaka pwani nzima, kutoka Vanga hadi Lamu. Niliwakatalia, tukabaki na Hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioko hapa Mombasa.

Hatua ya 2: Pakua kumbukumbu za viumbe kutoka GBIF (hazina huria ya kimataifa ya data za viumbe), uzisafishe kwa QGIS (programu ya bure ya ramani). Excel siipendi kwa kazi hii, kwa kuwa hubadilisha tarehe bila kukuuliza. Vitone vya viumbe kwenye ramani vikisongamana kando ya barabara, fahamu kwamba ndiko watazamaji wanakopita, si lazima ndiko viumbe waliko wengi.

Hatua ya 3: Linganisha picha za setelaiti za miaka miwili. Hapa tulipoteza Jumamosi nzima. Ramani yetu ya kwanza ilionyesha kwamba ukanda wa mikoko michanga upande wa Mikindani umetoweka, na mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kuandika maelezo makali kuhusu wakata boriti. Babu yake, ambaye ni mvuvi, aliitazama simu kidogo, akauliza: "Siku hiyo, mjukuu wangu, mwezi ulikuwa na siku ngapi?" Kumbe picha moja ilipigwa maji yamekupwa na nyingine yamejaa. Maji yanapoingia baina ya miti isiyosongamana, pikseli (kila kitone kinachounda picha) hupoteza ukijani wake, na programu huuhesabu upungufu huo kuwa msitu uliofyekwa.

Sentinel-2, setelaiti tulizotumia picha zake, ambazo pikseli zake bora ni za mita 10, hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa hizo maji huwa yamekupwa sana au yanakaribia; wiki moja baadaye, siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa zizo hizo huwa yamejaa au yanakaribia kujaa. Kwa hiyo kuchagua Februari kwa Februari hakutoshi: chagua picha zilizopigwa siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, katika miaka yote miwili, kisha uhakikishe kwa jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, bandari ya Mombasa. Unapolinganisha na jedwali hilo, kumbuka kwamba saa iliyoandikwa kwenye picha ni ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo iongezee saa 3 upate saa ya Kenya. Sisi tulisahau, tukaanza upya.

Hatua ya 4: Weka ramani kwa Leaflet, zana ya kuonyesha ramani kwenye tovuti. Leaflet hutanguliza latitudo, ilhali faili za GeoJSON (muundo wa kuhifadhi data za ramani) hutanguliza longitudo. Mombasa iko karibu na -4.05, 39.67, ukizigeuza namba hizo utatua karibu na Toledo, Uhispania, na ukisahau alama ya kutoa utatua kusini mwa Ethiopia.

Hatua ya 5: Andika ufunguo wa rangi kwa uangalifu. Sisi tuliandika "mikoko iliyopungua", wala si "iliyokatwa", kwa sababu setelaiti haioni shoka. Kule Mwache, hori nyingine karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997–98 zilileta mashapo mengi yaliyofunika mizizi, na miti ikafa imesimama. Neno "iliyokatwa" liwekwe pale tu mlipokwenda kwa miguu mkaviona visiki.