Saa Mbili Ngumu: Namna ya Kuivuka Siku ya Julai Minneapolis Ukiwa na Kazi na Watoto

Shule za Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota huku Marekani, zikifungwa Juni, hazifunguliwi tena mpaka Septemba inapobisha hodi. Karibu miezi mitatu watoto wako nyumbani, na kazi haina habari hiyo. Huku hakuna bibi wa nyumba ya pili wa kumwachia mtoto, wala dada wa kazi, wala baraza ambapo mtoto akilia majirani wote wanatoka kuuliza kulikoni. Kila saa ya mtoto inataka mtu mzima anayejulikana, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Mimi ni mkalimani wa simu, Kiswahili na Kiingereza, na kazi naifanyia nyumbani, kusini mwa mji. Zamu yangu ni saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. (Saa ninazotaja hapa ni za kwetu: saa mbili asubuhi ndiyo 8 kwenye simu yako.) Baba watoto anafanya kazi ghalani usiku, mchana analala besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kwenye ubaridi. Watoto ni watatu: wa miaka 12, wa 8 na kitinda mimba wa 5. Nawaandikia wenye hali kama hii. Wenye uwezo wa kulipia kambi ya watoto ya siku nzima, wamalizie chai yao kwa amani.

Kwanza, usipange siku nzima. Nimeona jedwali la rangi saba likibandikwa kwenye friji Jumapili, Jumanne hakuna anayelitazama. Kila siku ya likizo ina kama saa mbili ambazo mambo yote yanagongana. Zitafute hizo, uzishughulikie kwa makini, na zilizobaki ziache zijiendee. Kwangu ni kati ya saa tano na saa saba mchana. Wa kuogelea wanarudi, wa maktaba anarudi, wote wana njaa, jua limepanda, na hospitali zimejaa wenye miadi, simu zinafuatana kama mvua za masika. Shughuli yoyote inayoangukia ndani ya saa hizo naikataa, hata ikiwa ya bure, hata mtoto akinuna.

Katika kuchagua shughuli, tazama umbali kabla ya ubora. Wenyeji wa huku wana utani kwamba jimbo lao lina misimu miwili, baridi na matengenezo ya barabara, na ukikwama Julai kwenye barabara kuu ya I-94 utaacha kucheka. Darasa la kawaida lililo dakika saba kutoka nyumbani linalishinda darasa zuri la upande wa pili wa mji. Halafu kila mtoto shughuli moja yenye ratiba, basi. Na kama pesa zinatosha kwa kitu kimoja tu, ziende kwenye kuogelea. Jimbo hili limeandika maziwa 10,000 kwenye vibao vya magari yake. Mtoto wako atafika majini, ukipenda usipende: kwenye sherehe ya rafiki, safari ya shule, ufukwe wa ziwa Nokomis. Afike akiwa anajua kuelea. Kwa wasichana waliokwisha kuanza kujistiri, suti za mikono mirefu za kuogelea zinakubalika, lakini waulize wenye bwawa kabla ya siku ya kwanza ili binti asije akazuiwa mbele ya wenzake.

Jambo lililoniokoa kuliko yote ni jirani. Wengi hutafuta rafiki wa kusaidiana naye, na rafiki huwa na kazi saa zilezile unazofanya wewe. Tafuta mzazi ambaye zamu yake imepishana na yako. Wangu ni dada mmoja wa Bukavu anayetunza wazee kuanzia saa tisa alasiri. Asubuhi anapakia watoto wake wawili na wangu kwenye gari lake, anawasambaza maktaba na bwawani, anawarudisha. Saa nane nikitoka kazini, watoto wake wanakuwa wangu mpaka mume wake arudi, na safari za mpira wa jioni ni juu yangu. Hatupeani pesa ya petroli. Tulikubaliana siku ya kwanza, kwa maneno ya wazi, nani anafanya nini mtoto akiugua. Hilo liseme mapema, maana kimya cha heshima ndicho kinachokuja kuvunja ujirani.

Kabla hamjaanza kubebeana watoto, hesabuni viti. Tangu Agosti 2024 sheria ya Minnesota inataka mtoto aliyeshazidi ukubwa wa kiti chake cha mikanda akae kwenye kiti cha kuinulia (booster) mpaka angalau miaka 9, au mpaka awe mkubwa kiasi cha mkanda wa gari kumkaa sawasawa. Walio chini ya miaka 13 wakae nyuma inapowezekana. Mkubwa wangu alilia haki yake ya kiti cha mbele, akaambiwa ailete bungeni. Kiti cha kuinulia kinahama na mtoto, kwa hiyo kinakaa mlangoni pamoja na taulo. Si ajabu kila familia ya Kiafrika huku inatafuta Toyota Sienna, gari lenye safu tatu za viti.

Sasa kazi yenyewe. Ukalimani wa simu hauna "subiri kidogo". Daktari yuko na mgonjwa, sekunde zinakwenda, na siri ya mgonjwa haipaswi kufika sikio lingine, hata la mtoto wa miaka mitano. Ofisi yangu ni kabati la nguo, lile la kuingia mzima mzima. Magauni na makoti ya baridi yaliyotundikwa pande zote yanameza sauti kuliko chumba chochote. Nimeweka kiti, ubao mwembamba juu ya masanduku mawili, feni ndogo ninayoizima simu ikiingia, hedifoni yenye kitufe cha kuzima maiki kilicho kwenye waya, na daftari ambalo kurasa zake nazichana vipande vidogo zamu ikiisha. Nje ya mlango kuna kadi, upande mmoja mwekundu, wa pili kijani. Nyekundu maana yake niko kwenye simu. Ruhusa ya kugonga wakati wa nyekundu ni kwa mambo matatu tu: damu, moshi, au mtu asiyejulikana mlangoni. Mengine yote, kasoro ndogondogo za nani kachukua cha nani, yanaandikwa kwenye karatasi na kupitishwa chini ya mlango. Kwa mshangao wangu, wakilazimika kuandika, kesi nyingi zinafutwa na wenyewe. Likitokea kubwa, baba yao yuko chini na anaamshwa, ingawa wanajua uso atakaoamka nao.

Mapumziko yangu ni nusu saa, saa tano na nusu mpaka saa sita, na hapo ndipo saa mbili ngumu zinashindwa au zinanishinda. Chakula kiwe tayari kabla hawajaingia. Chapati nimezipika usiku. Asubuhi nazipaka yai, nazikunja na kachumbari isiyo na pilipili, naziviringisha kwenye karatasi. Tango na embe vimekatwa, vimo frijini. Wanaingia kwa mlango wa nyuma, nguo mbichi zinaishia kwenye ndoo iliyo pale, hakuna anayekanyaga zulia. Wanakula kwenye ngazi za nje, wanamwaga wanachomwaga. Wakiwa wanatafuna napita nyuma yao kukagua kupe kwa waliopita kwenye majani: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa chupi. Kupe wadogo wa huku wanabeba ugonjwa wa Lyme, usione haya kukagua. Kupe akishaganda, mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota.

Saa sita narudi kabatini, na hapo tu ndipo runinga inawashwa. Siri ni kuwa asubuhi yote haijawashwa. Runinga iliyonguruma tangu saa mbili haimshiki mtoto saa sita. Iliyofungwa inawashika wote kama gundi, na mimi napata simu zangu za saa ngumu kwa utulivu.

Siku ambazo sikuwahi kupika, kuna chakula cha bure cha majira ya joto kwenye bustani na maktaba nyingi, kwa mtoto yeyote asiyezidi miaka 18, bila fomu wala kuulizwa karatasi. Kwa kawaida kinaliwa palepale. Uliza nyama ni ya nini kabla mtoto hajafungua boksi.

Kutoka saa nane, usitafute makubwa. Mabwawa ya bustani za mji yenye maji ya magotini ni ya bure. Maporomoko ya Minnehaha yanafikika kwa treni ya Blue Line, na kwa kitinda mimba treni ni burudani kuliko maporomoko. Ukienda kwa gari lililokaa juani, gusa kwanza vyuma vya mikanda, vinaunguza. Na usimwache mtoto ndani hata "dakika moja tu": ndani ya dakika 10 joto la gari linaweza kupanda kwa digrii 20 za Farenhaiti. Simu ikae mbali na mkono, sheria ya jimbo inakataza kuishika ukiendesha tangu 2019.

Ngurumo ikisikika, bwawa linafungwa na watu wanasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Kwa hiyo kwenye begi la kuogelea mna karata. King'ora cha mji cha kuonya dhoruba kali kikilia saa saba mchana Jumatano ya kwanza ya mwezi, ni majaribio. Kikilia wakati mwingine, wote besimenti, kadi nyekundu au kijani, na baba watoto ataamka apende asipende.

Usiku ndio ugomvi mwingine. Mwishoni mwa Juni jua linazama baada ya saa tatu, na mtoto anakuuliza vipi alale wakati Magharibi bado. Nimetundika blanketi zito juu ya pazia, na wadogo wanaingia kitandani saa mbili na nusu bila mjadala. Wakilala, chupa za maji zinaingia friza zikiwa zimejazwa robo tatu, zisipasuke. Kesho zitapooza chakula kwenye deli na kuyeyuka kwa kunywewa. Begi linapangwa kwa shughuli, si kwa mtoto: la bwawa ni la bwawa, la mpira ni la mpira, na halifunguliwi ila kwa kutoa kilicholowa.

Yote haya yanaanzia kwenye usajili, nao hufunguliwa bado theluji iko nje. Fungua akaunti mapema, andika tarehe za kuzaliwa na namba za bima pembeni, na uulize punguzo la ada kwa kipato kabla hujalipa, kwa kuwa bustani za mji wanalo. Madarasa ya kuogelea ya asubuhi huisha mwanzo. Yanayobaki ni ya saa sita mchana, na hayo usiyachukue.