PostgreSQL inapokataa wateja baada ya umeme kukatika

Kampuni nyingi za Lubumbashi huweka seva moja penye jenereta, ikiendesha hifadhidata ya PostgreSQL, huku matawi ya mitaa ya mji huo, kama Katuba, Kenya au Ruashi, yakiunganishwa nayo kwa mbali. Umeme ukikatika tawini, kompyuta huzimika bila kuaga. Ukirudi, zote huomba kuingia kwa pamoja, na PostgreSQL hujibu kwamba wateja wamezidi. Nawasihi msikimbilie kuongeza max_connections, yaani kikomo cha miunganisho, ambacho kwa kawaida ni 100, kwa sababu kila muunganisho ni mchakato kamili unaotumia kumbukumbu ya seva.

Hatua ya 1. Ingia kama msimamizi mkuu, ambaye hutengewa nafasi 3 hata seva ikijaa, kisha uangalie ni nani anayeshikilia miunganisho:

SELECT pid, client_addr, state, state_change FROM pg_stat_activity ORDER BY state_change;

Hali ya idle ina maana kwamba mteja ametulia tu. Inayotisha ni idle in transaction, yaani muamala (kundi la amri zinazokamilika pamoja) ulifunguliwa ukaachwa njiani: unaendelea kushikilia kufuli zake, na kazi za wengine zinasimama nyuma yake. Mara nyingi anwani zake ni za lile tawi lililozimika, kwa kuwa Linux, isipoelekezwa vingine, husubiri sekunde 7200 kabla ya kuhakikisha kama upande wa pili ungali hai.

Hatua ya 2. Ukishathibitisha kwamba mwenyewe hayupo, funga muunganisho huo kwa pg_terminate_backend(pid). Kisha, katika mipangilio ya PostgreSQL, weka tcp_keepalives_idle = 60, tcp_keepalives_interval = 10 na tcp_keepalives_count = 3, ili muunganisho mfu utambuliwe katika takriban dakika moja na nusu; ongeza idle_in_transaction_session_timeout = '5min', ili muamala ulioachwa ufungwe wenyewe. Amri SELECT pg_reload_conf(); inatosha kuisoma mipangilio hiyo upya, bila kuzima seva.

Hatua ya 3. Weka PgBouncer, programu inayowagawia wateja wengi miunganisho michache, kati ya programu na hifadhidata, kwenye mlango 6432, ukichagua pool_mode = transaction, ambapo muunganisho hurudishwa kila muamala unapoisha. Hapa ndipo pa kupandisha max_client_conn (idadi ya wateja), huku default_pool_size (miunganisho ya kwenda kwenye hifadhidata) ikibaki 20. Kagua programu kwanza, maana katika hali hii mipangilio ya SET ya kikao na LISTEN (kusubiri taarifa kutoka hifadhidata) haitegemeki.

Hatua ya 4. Katika dawati la amri la PgBouncer andika SHOW POOLS. Ikiwa cl_waiting (wateja wanaosubiri) na maxwait (muda mrefu zaidi wa kusubiri) zinapanda ilhali miunganisho yote ya seva iko kazini, usiongeze miunganisho kabla ya kupima maulizo yanayochelewa kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi ulizo linavyotekelezwa na muda wake. Mara nyingi kinachokosekana ni faharasa (index) kwenye jedwali kubwa la mauzo.