SOMO: Moyo unaenda mbio? Hesabu kwanza, ndipo uulize

Kila wiki swali ni lile lile: "moyo unanienda mbio, nina ugonjwa gani?" Bila namba hakuna wa kukujibu.

1. Kaa, tulia dakika tano. Kahawa na sigara pembeni.

2. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Usipimie gumba; lina mdundo wake.

3. Hesabu sekunde 60 kamili. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, nami nimo. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kukosea pigo moja ni kukosea manne. Baya zaidi, mpangilio unakupita. Mapigo ya haraka yaliyopangana ni jambo moja. Yanayokuja hovyo, mawili ya chapuchapu, kimya, kisha moja dhaifu, ni jambo jingine. Huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu ikaganda humo na kuleta kiharusi. Hapo mapigo mengine hayafiki mkononi, kwa hiyo namba ya mkononi hudanganya kwa kupungua. ONYO: usibonyeze shingo pande zote mbili kwa pamoja, mtu anaweza kuzimia.

4. Andika namba, saa, joto la mwili na dawa ulizomeza.

Mtu mzima aliyetulia ni mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Ikizidi, mara nyingi moyo hauna kosa, umetumwa: homa (kila nyuzi moja huongeza kama mapigo 10), kuharisha, upungufu wa damu, mimba, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, wasiwasi, miraa, salbutamoli ya pumu. Tibu kilichoutuma.

Kifua kinauma, pumzi inakata au umezimia? Acha kuhesabu, nenda hospitali.

MASWALI

– Mkuu, usiku moyo unanidunda sana, nimeze nini?
Namba iko wapi? Hatua ya 3.

– Sijahesabu. Jirani kanipa propranolo zake, dawa za kupunguza mapigo.
Mrudishie. Kama una pumu, hizo zinaweza kukubana kifua vibaya.

– Mwanangu wa miezi minane ana 125, amelala.
Kwa umri huo ni kawaida, dada. Mtoto mpime upande wa ndani wa mkono, kati ya bega na kiwiko.

– Mbio zangu huanza na kukoma ghafla, kama swichi, 180. Kwa nini daktari alinipulizisha sirinji?
Swali zuri. Hapo umeme wa moyo unazunguka kwenye njia ya mkato. Unapuliza sirinji ya mililita 10 kwa sekunde 15 hadi pistoni isogee, kisha unalazwa chali, miguu juu sekunde 15 nyingine. Neva ya vagasi inakanyaga breki, mzunguko unakatika. Na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipigwe mbio zikiendelea. Zikikoma, karatasi inaweza kutoka safi.

– Nina piko vidoleni, mashine ya kubana kidoleni inasoma mapigo mara 40 mara 130.
Piko huzuia mwanga wa mashine, na vidole vya baridi vivyo hivyo. Ibane kwenye kidole kisicho na piko, kipashe moto kwanza.