"Break a leg": ukiambiwa uvunje mguu usinune

Mtoto wa dada yangu anapiga ngoma hapa Bagamoyo, sasa juzi kati anataka kupanda stejini, mama mmoja wa kizungu kampigapiga begani kamwambia "break a leg!" Dogo kanuna huyo, kaja kwangu jasho linamtoka, vijiti vya ngoma mkononi, "mjomba, yule mama kaniapiza nivunjike mguu na wala sijamkosea." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kaombewa kheri mwenyewe hajui!

Maana yake ni "kila la kheri", basi. Waigizaji wa Uingereza na Marekani wana imani yao kwamba ukimtakia mtu bahati waziwazi kabla ya shoo unamtia mkosi, so wanasema kinyume. Wajerumani nao wanatakiana kuvunjika shingo na mguu kabisa, na wapo wanaosema Waingereza waliitoa huko. Msiwashangae lakini, kwani sisi usiku nyoka si tunamwita kamba?

Sasa kuitumia. Mwambie mtu anayekwenda kujionyesha mbele za watu, awe anaimba taarabu, anaigiza, anatoa hotuba, siku hizi hata anayekwenda intavyuu ya kazi au mtihani anaambiwa. Iseme kabla, akishashuka stejini imeshapitwa, hapo sema "well done". Ukiambiwa wewe, jibu "thanks" yaishe.

Wengi wanaharibu kwenye hako ka-"a". Ni "a leg", sio "your leg", maana ukishasema "your" mtu anaanza kujiuliza mguu wake umekukosea nini, na ukifika kwenye "I will break your leg" hayo sasa ni mambo ya polisi. Halafu usiipeleke wakati uliopita, ukisema "I broke a leg last night" utapewa pole na kuulizwa umefungwa hogo hospitali gani, hakuna atakayeelewa kwamba shoo ilinoga.

Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji usimwambie. Mchezaji mpira pia mie nisingemwambia, mguu ndio ugali wake. Nahodha anayetweka tanga kwenda Unguja huyo ni "safari njema" tu, wala usimtafsirie mtu kwa Kiswahili ukamwambia "vunja mguu haya", utatafutana na ndugu zake. Wacheza baleti wenyewe wanaikwepa, wao wanaambiana neno la Kifaransa ambalo maana yake ni mavi, hilo siwafundishi.

Basi dogo nikamweleza yote hayo haraka haraka, akaelewa, akapanda, akapiga ngoma watu wakasimama. Kushuka tu kamkimbilia yule mama, meno yote nje, "madam, I broke two legs!"

Mama wa watu akainama kumtazama miguuni.