Usimnunulie Mtoto Gongo la Kukulia: Kuchagua Gongo la Aloi kwa Mchezaji Mdogo wa Besiboli

Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi hujaa maduka ya sare hapa Mombasa, na kauli ni ile ile: "Chukua hilo kubwa, atalikulia." Shati likiwa pana, mikono hukunjwa na mtoto akasoma. Nimelelewa hivyo na sioni kosa. Ila gongo la besiboli halikunjwi. Likimzidi mtoto leo, humfundisha kupiga vibaya, na ubaya huo humganda hata atakapokuwa mkubwa.

Kijana mmoja ninayemfundisha, wa miaka 10, aliletewa na ami yake gongo zuri kutoka Marekani: inchi 31, aunsi 26. Ndani ya miezi miwili mtoto aliyekuwa akiugonga mpira sawasawa akawa anakata upepo. Kiwiko kilishuka, bega la nyuma likalala, na gongo lilifika mpira ukiwa tayari kwenye glavu ya mdakaji. Nilimrudishia gongo letu kuukuu la inchi 29 na aunsi 19, lililobanduka rangi. Mkono wake ulichukua wiki kadhaa kurudi. Tofauti ya magongo hayo mawili haifiki gramu 200. Kwa mtoto, gramu hizo ni nyingi sana.

Hatua ya 1: Pima urefu nyumbani

Huhitaji gongo bado. Mti wa ufagio unatosha. Mtoto asimame wima, anyooshe mkono upande, usawa wa bega. Weka kitako cha mti katikati ya kifua, uulaze juu ya mkono kuelekea vidoleni. Pale kiganja kinapoweza kuukamata, tia alama. Kisha hakikisha kwa njia ya pili: simamisha mti ubavuni mwake, kitako kikiwa sakafuni; kiganja cha mkono ulioning'inia kinapaswa kufika kwenye alama hiyo.

Magongo huuzwa kwa inchi, na inchi 1 ni sentimita 2.54. Watoto wangu wa miaka 7 na 8 huangukia inchi 26 hadi 28, wa miaka 9 na 10 inchi 28 hadi 30, na wa 11 na 12 inchi 30 au 31. Akiwa katikati ya saizi mbili, chukua fupi.

Hatua ya 2: Uzito, na hapa usiwe na haraka

Kwenye gongo utaona namba kama −10. Maana yake ni uzito wa aunsi ukitoa urefu wa inchi: gongo la inchi 29 lenye aunsi 19 ni −10. Namba ikienda mbali zaidi na sifuri, gongo ni jepesi zaidi kwa urefu wake. Kwa walio chini ya miaka 12 mimi hukaa kati ya −10 na −12. Mwenye mwili na nguvu akifika 13 anaweza kujaribu −8, kisha −5.

Usiitegemee namba peke yake. Omba mwenye duka akuwekee gongo kwenye mizani. Aunsi 1 ni gramu 28 na kidogo, kwa hiyo aunsi 19 ni kama gramu 540. Halafu mpe mtoto alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe mbele usawa wa bega, nawe uhesabu taratibu mpaka 20. Mkono ukitetemeka na ncha ikainama kabla hujamaliza, lirudishe.

Jaribio ninaloliamini zaidi ni hili. Mwambie apige hewa mara 10 mfululizo, nawe utazame tatu za mwisho tu, kama kiwiko kinashuka. Kisha umwambie aanze kupiga, na ukisema "acha!" alisimamishe gongo njiani. Asipoweza kulisimamisha, gongo ndilo linalomwongoza yeye. Na kwenye mchezo hatakuwa na muda wa kubishana nalo: mrushaji wa umri huu katika Little League, ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Marekani, husimama futi 46, yaani mita 14. Mpira unaokuja kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa humfikia kwa sekunde 0.6 hivi.

Kuna jambo moja ambalo mizani haioni. Magongo mawili yenye gramu sawa huweza kuwa tofauti mkononi, kwa sababu moja limejaza uzito wake nchani. Lining'inize juu ya kidole kimoja utafute linapokaa sawa bila kuinama. Mahali hapo pakisogea kuelekea mpini, mtoto atalizungusha kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 3: Kwa nini aloi

Gongo la aloi ya alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, lina uwazi ndani. Mpira ukiligonga, ukuta wake hubonyea kidogo na kurudi, ndipo unaposikia ule mlio wa "ting!" kama sufuria iliyogongwa. Linapiga vizuri tangu siku ya kwanza. Gongo la kompoziti, lililoundwa kwa nyuzi za kaboni na gundi, huhitaji mapigo 150 hadi 200 ya kulilainisha kwanza, bei yake ni kubwa, na likipasuka limekwisha. La aloi mara nyingi hubonyea tu, na unaendelea nalo.

Kuna la kipande kimoja na la vipande viwili vilivyounganishwa. La kipande kimoja hupeleka mtetemo hadi mikononi mpira ukigusa karibu na mpini, na mtoto atalalamika. Hata hivyo, kwa walio chini ya miaka 10 hulichagua hilo, kwa kuwa ni nafuu na hudumu, na mipira yao bado haina kasi ya kuumiza sana.

Hatua ya 4: Tazama muhuri

Tangu tarehe 1 Januari 2018, Little League hutaka muhuri wa USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, unaoonyesha kwamba gongo halirushi mpira kupita sana gongo la mti. Magongo yenye muhuri wa USSSA, shirika jingine la michezo la Marekani, ni machachari zaidi. Mimi huwaomba wazazi muhuri wa kwanza hata kwa mazoezi, maana mrushaji naye ni mtoto, amesimama mita 14 na uso wazi. Tena timu ya Lugazi, hapo jirani Uganda, ilicheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya ligi hiyo, mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Mtoto wa hapa akipata safari kama hiyo, gongo lisiwe la kumkwamisha. Likiandikwa "softball", liache; huo ni mchezo mwingine.

Hatua ya 5: Ukiletewa la mtumba

Liviringishe juu ya sakafu ya vigae. Likiyumba, limepinda au limebonyea. Litikise: kitu kikilialia ndani, huenda kifuniko cha ncha kimelegea. Pitisha pamba juu yake polepole. Nyuzi zikinasa mahali, pana ufa, na gongo lenye ufa usilinunue hata kwa bei ya bure.

Hatua ya 6: Pwani ina mambo yake

Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini upepo wa bahari huitia vidoa na unga mweupe. Lifute kila baada ya mazoezi kwa kitambaa cha maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kisha ulikaushe. Jasho la kaskazi huufanya mpini uteleze. Tepu ya raketi ya tenisi hufaa ukikosa ya besiboli. Badilisha mara inapoanza kung'aa.

Wakataze watoto kupigia gongo hilo vidaka, mawe au mpira wa kriketi. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163, wa besiboli hauzidi 149, na ule wa kwanza ni mgumu kuliko gongo lilivyoundwa kuhimili.

Kila likizo ya shule rudia hatua ya kwanza na ule mti wa ufagio. Alama ikisogea inchi mbili, gongo la zamani mpe mdogo wake.